Kabla ya Kukubali Kazi ya Mbali, Uliza Itakufikisha Wapi

Barua ya ajira hutaja cheo, mshahara, siku za likizo na muda wa majaribio. Njia ya kwenda kazini haitajwi. Hakuna mahali inaposema kwamba utaamka saa kumi na moja alfajiri ili uwe mezani kwako saa mbili asubuhi, wala kwamba mkutano ukichelewa kwisha kwa dakika kumi utakosa basi na kufika nyumbani saa tatu usiku. Sheria nazo kwa kiasi kikubwa zimekaa upande wa ukimya huo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1947 iliyomwondolea mwajiri wajibu wa kulipia muda ambao mfanyakazi anautumia kutoka nyumbani hadi kazini. Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba muda wa safari ni muda wa kazi, lakini kwa wale tu wasio na kituo maalumu cha kazi, wanaotoka nyumbani moja kwa moja kwenda kwa wateja. Kwa wengine wote, yaani wengi wetu, njia ni mzigo wa mwenye miguu yake.

Ndiyo maana uamuzi wa kukubali kazi iliyo mbali zaidi, lakini yenye matumaini makubwa zaidi, hufanywa vibaya mara nyingi. Faida zake zimeandikwa na kutiwa saini. Gharama zake mtu anazikadiria kichwani, akiwa na furaha ya kuitwa baada ya usaili, siku ambayo hata umbali unaonekana mfupi.

Msimamo wangu ni huu: safari ndefu ya kazini inaweza kuwa uamuzi mzuri sana, mradi kazi yenyewe inakujenga na safari ina mwisho unaoujua. Likikosekana mojawapo kati ya hayo mawili, mshahara mkubwa peke yake ni sababu dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na mshahara, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Chukua mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku na kutumia saa 1 njiani, kwenda na kurudi. Kazi inamchukulia saa 9. Anapata kazi nyingine yenye mshahara unaozidi wa sasa kwa asilimia 20, lakini njiani sasa atatumia saa 2 na nusu. Siku yake imekuwa ya saa 10 na nusu, ongezeko la takribani asilimia 17. Ukigawa mshahara mpya kwa saa hizo, kila saa yake imepanda thamani kwa chini ya asilimia 3. Hapo hajalipa nauli au mafuta ya ziada, wala mtu wa kukaa na watoto jioni. Na ile saa moja na nusu iliyoongezeka, kwa siku 230 za kazi katika mwaka, inafika saa 345. Hizo ni siku za kazi 43, karibu miezi miwili mizima ya kwenda ofisini ambayo hakuna anayekulipa.

Hesabu hii huwashtua watu nikiwaonyesha, na wengine hukasirika kidogo, kwa sababu walikuwa wameshaamua. Lakini haimalizi mjadala. Mtu mwenye busara hasafiri mbali kwa ajili ya mshahara wa mwezi huu. Anasafiri kwa ajili ya mshahara wa miaka mitano ijayo, na wa miaka kumi, na kwa ajili ya aina ya mtu atakayekuwa katika taaluma yake. Swali lenye uzito liko hapo.

Upande huo una ushahidi mzuri, na sitaki kuupunguza. Wachumi Robert Topel na Michael Ward walichapisha mwaka 1992 uchunguzi wao kuhusu vijana wa kiume nchini Marekani. Katika miaka kumi ya kwanza ya kazi, kijana wa kawaida alipitia kazi saba, na angalau theluthi moja ya ukuaji wa mshahara wake katika kipindi hicho ilitokana na kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Kwa maneno mengine, kijana anayekataa kila kazi inayompitisha nje ya mtaa wake anajifungia mlango ambao wenzake wanautumia kupanda. Kisha kuna utafiti wa Jorge De la Roca na Diego Puga, uliochapishwa mwaka 2017 kwa takwimu za wafanyakazi wa Hispania. Waliona kwamba uzoefu unaopatikana katika miji mikubwa una thamani zaidi kuliko uzoefu wa miaka ileile katika miji midogo, na kwamba thamani hiyo mtu huondoka nayo hata akihamia mji mdogo baadaye. Jambo hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Ulichojifunza kule mbali si mali ya kule mbali. Kinakufuata.

Tatizo ni kwamba neno "matumaini ya kazi" hutumiwa kufunika mambo yasiyofanana hata kidogo. Kampuni kubwa haimjengi kila aliyemo ndani yake. Fikiria mhasibu aliye kwenye ofisi ndogo karibu na nyumbani, anayefunga hesabu za mwezi zilezile, kwa programu ileile, kwa mwaka wa sita sasa. Anapata kazi katika kampuni kubwa ng'ambo ya jiji. Kuna namna mbili jambo hili linavyoweza kwenda. Ya kwanza, mwaka huohuo anakutana na wakaguzi wa nje, anajifunza kuunganisha hesabu za kampuni tanzu na za kampuni mama, anakaa meza moja na mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka ishirini, ambaye anageuza kiti chake na kumwonyesha kwa nini takwimu fulani haikubaliani na nyingine. Ya pili, anapewa kiti kwenye safu ya watu kumi na wanne wanaoingiza ankara kwenye kompyuta, kila mmoja na wasambazaji wake, kuanzia herufi A hadi C. Jina la kampuni kwenye wasifu wake ni lilelile katika hali zote mbili. Nauli nayo ni ileile. Lakini katika hali ya kwanza anasafiri kwenda kwenye shule inayomlipa, na katika ya pili anasafiri kwenda kuingiza ankara.

Kwa hiyo, kabla hujapima barabara, ipime kazi. Uliza utakaa na nani, na huyo mtu anajua nini usichokijua wewe. Uliza utakuwa unaweza kufanya nini baada ya miaka miwili ambacho leo huwezi. Uliza, bila aibu yoyote, aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako yuko wapi sasa. Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote kwa sababu mwajiri hawezi kulijibu kwa maneno matamu. Kama alipandishwa cheo ndani, utaambiwa kwa fahari. Kama aliondoka kwenda mahali pazuri zaidi, hiyo nayo ni habari njema kwako. Kama watatu wamepita hapo katika miaka miwili na hakuna anayetaka kueleza walikokwenda, umeshajua vya kutosha.

Nikiongea na vijana wanaoanza kazi, ninawaambia waende. Wakipata kazi ya kujifunza iliyo mbali, na hawana watoto wala mgonjwa wa kumtunza, wapande hilo basi la alfajiri. Miaka ile ya mwanzo ndiyo ambayo saa moja ya kujifunza ina muda mrefu zaidi wa kuzaa matunda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wa miaka ishirini na minne huinama vizuri.

Nina wasiwasi zaidi na wale wanaoniambia, "Nitazoea tu."

Kuna mambo binadamu huyazoea haraka, na bahati mbaya mshahara mpya ni mojawapo. Nyongeza iliyokufurahisha mwezi wa kwanza, kufikia mwezi wa nane imeshakuwa kiwango cha kawaida, na matumizi yamepanda kuifuata. Foleni haizoeleki hivyo, kwa sababu haiko sawa siku mbili mfululizo. Leo dakika 50, kesho dakika 95 kwa sababu lori limeharibika kwenye daraja, keshokutwa mvua. Mwili unajua kukaa sawa na jambo gumu linalojirudia vilevile. Jambo gumu linalobadilika kila siku huamsha hasira upya kila siku.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliliona hili kwa namna yao katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Waliwaomba wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas waipitie siku yao ya jana tukio kwa tukio na kueleza walivyojisikia katika kila moja. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilishika mkia, chini hata ya kazi yenyewe na ya usafi wa nyumba. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey nao walitumia takwimu za Ujerumani, katika makala iliyotoka mwaka 2008, kujaribu wazo maarufu la fani yao. Wazo hilo linasema kwamba mtu anayesafiri mbali lazima awe analipwa fidia mahali fulani, ama kwa mshahara mnono au kwa nyumba nzuri ya bei nafuu, la sivyo angeshahama au kuacha kazi. Kama ni kweli, wasafiri wa mbali wangepaswa kuridhika na maisha sawasawa na wengine. Hawakuridhika sawasawa. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo kuridhika kulivyopungua, na fidia iliyodhaniwa haikuonekana kutosha. Kwa haki, lazima niseme kwamba watafiti wengine waliotumia takwimu za Uingereza na mbinu tofauti hawakuona uhusiano huo kwa uwazi. Nadhani tofauti hizo zinatufundisha kwamba safari si kitu kimoja. Dakika 60 zinaweza kuwa maisha mawili tofauti kabisa.

Fikiria dakika 60 za kwanza. Treni moja, kiti, dirisha, saa ya kuondoka inayojulikana. Unasoma mwongozo wa mtihani wa bodi ya taaluma yako, au unalala, au unakaa kimya tu kabla watu hawajaanza kukutaka hiki na kile. Sasa fikiria dakika 60 nyingine: umesimama, mkono mmoja kwenye bomba la juu, mwingine umeukumbatia mkoba ili usichomolewe simu, unashuka katikati ya safari na kungoja basi la pili lisilo na ratiba, unafika umelowa jasho na umechoka kabla hujasalimia mtu. Anayekushauri kuhusu "saa moja ya njiani" bila kukuuliza ni saa ya aina gani hajakushauri chochote.

Watafiti Gary Evans na Richard Wener walichunguza wasafiri wa treni kutoka New Jersey kwenda Manhattan na kuyachapisha matokeo mwaka 2006. Safari ilivyorefuka, homoni ya mkazo kwenye mate iliongezeka, na uwezo wa kukagua maandishi na kuona makosa ulipungua. Katika tafiti zao nyingine, kutojua utafika saa ngapi kulionekana kuwa chanzo cha mkazo kwa upande wake. Mimi ningeamua hivi: nikipewa kuchagua kati ya safari ya dakika 70 isiyobadilika na ya dakika 45 ambayo siku mbaya inakuwa 100, nachukua ya 70. Unaweza kuijengea ratiba. Unaweza kumwahidi mtu kwamba utafika saa fulani, ukafika.

Na ahadi hiyo ni ya nani? Hapa ndipo ninapoona hesabu za watu wengi zinapotea njia, kwa sababu mtu huhesabu saa zake tu. Saa zile 345 za mwaka haziji kutoka hewani. Zinatoka kwa mtu. Nenda kwenye nyumba yoyote ambayo mmoja wa wazazi amepata kazi nzuri ya mbali, ukae pale saa mbili na nusu usiku. Mlango unafunguliwa polepole kwa sababu watoto wamelala. Juu ya meza kuna daftari la shule limeachwa wazi kwenye ukurasa ambao mwalimu ameandika maoni kwa wino mwekundu na kuomba saini ya mzazi. Aliyekaa na mtoto wakati wa kufanya zile hesabu ni mwingine, aliyemwogesha ni mwingine, aliyesikia habari ya ugomvi wa shuleni ni mwingine. Yule anayeingia anatia saini, anasoma maoni mara mbili, anazima taa. Huyo mwingine hakuitwa kwenye usaili, lakini amepewa zamu ya jioni.

Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, alifuatilia takwimu za wanandoa na wenza waishio pamoja nchini humo. Katika makala yake ya mwaka 2014 alionyesha kwamba wale ambao mmoja wao alisafiri dakika 45 au zaidi kwenda kazini walikuwa na hatari ya kuachana iliyo kubwa kwa asilimia 40 kuliko wengine. Sidhani safari yenyewe inavunja ndoa. Nadhani inabadilisha mgawanyo wa kazi za nyumbani bila mtu kuuzungumzia, na jambo lililobadilika bila kuzungumzwa hukusanya kinyongo. Kama umeoa au umeolewa, uamuzi huu hauwezi kuwa wako peke yako. Kumwambia mwenzako, "Nimepata kazi," na kumuuliza, "Tuichukue?" ni mambo mawili yaliyo mbalimbali sana.

Wanawake wanaujua upande huu zaidi, na wanaulipia. Utafiti wa Thomas Le Barbanchon, Roland Rathelot na Alexandra Roulet, uliochapishwa mwaka 2021, uliwaangalia watu wa Ufaransa waliokuwa wakitafuta kazi. Wanawake walikuwa tayari kukubali mshahara mdogo zaidi ili wapate kazi ya karibu kuliko wanaume walivyokuwa, na tofauti hiyo ilizidi kwa walioolewa na wenye watoto. Sehemu ya pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake inaanzia hapo, barabarani. Nikisoma hivyo siwezi kuwaambia wanawake "msiogope umbali" kana kwamba ni suala la woga. Ni suala la nani anatakiwa kuwa langoni shule ikifungwa. Mwanamume anayeweza kupokea kazi ya mbali bila kuuliza swali hilo anaweza kwa sababu kuna mtu ameshalijibu kwa niaba yake. Na mara nyingine njia bora ya kukuza taaluma katika nyumba ni mume kuchukua kazi ya karibu ili mke apande treni. Nimeona nyumba chache zikifanya hivyo. Ningependa kuona nyingi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi, nalo linawahusu hata wasio na familia: safari ndefu inaweza kuila ileile kazi uliyoifuata. Kupanda cheo hakutokani na kazi iliyo kwenye mkataba pekee. Kunatokana na kubaki dakika ishirini baada ya mkutano kuzungumza na mkuu wa kitengo, kujitolea kushika mradi wa dharura siku ya Alhamisi jioni, kuhudhuria mafunzo ya baada ya saa za kazi, kumsaidia mwenzako ambaye mwaka kesho atakuwa bosi. Mwenye basi la mwisho la saa kumi na mbili na robo anakusanya vitu vyake saa kumi na mbili kasoro, kila siku, mbele ya macho ya watu. Hakuna anayemlaumu. Lakini jina lake halitajwi mara nyingi watu wanapogawana majukumu mapya. Ukiona tangu mwanzo kwamba hutaweza kubaki hata siku moja kwa wiki, jua kwamba unanunua tiketi ya mchezo ambao hutaruhusiwa kuucheza mpaka mwisho.

Sehemu ya dawa ni kufanya kazi nyumbani baadhi ya siku, na hapa ushahidi wa mchumi Nicholas Bloom na wenzake una manufaa kwa anayejadiliana na mwajiri. Katika utafiti wao wa kwanza, uliotoka mwaka 2015, wafanyakazi wa kituo cha kuhudumia wateja kwa simu cha kampuni moja ya usafiri ya China walifanya kazi nyumbani muda mwingi wa wiki kwa miezi tisa. Utendaji ulipanda kwa asilimia 13. Lakini ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Huenda walisahauliwa kwa sababu hawakuonekana. Utafiti wa pili, wa mwaka 2024, ulihusu wafanyakazi 1,612, na mara hii baadhi yao walikaa nyumbani siku 2 tu kwa wiki, wengine wakaendelea kwenda ofisini siku zote. Kwa waliokaa nyumbani siku hizo, walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na upungufu huo ulionekana hasa kwa wanawake na kwa wenye safari ndefu. Upandishaji vyeo haukuathirika.

Kwa hiyo, ukiwa na barua mkononi na kabla hujatia saini, omba siku mbili za nyumbani, au kuanza na kumaliza kazi saa moja kabla ya wengine ili uiwahi foleni. Nguvu yako ya kujadiliana haitakuwa kubwa kuliko siku hiyo. Wamekuchagua na hawataki kurudia usaili. Iwe kwenye maandishi. Ruhusa ya mdomo ya bosi mmoja huondoka na bosi huyo. Siku 2 za nyumbani hupunguza safari za wiki kutoka kumi hadi sita, nazo mara nyingi ndizo tofauti kati ya kazi ya mbali inayovumilika na isiyovumilika.

Mtu ataniuliza, kwa nini asihame tu? Wakati mwingine ndilo jibu sahihi, hasa kwa mpangaji asiye na watoto shuleni. Lakini kodi hupanda kadiri unavyokaribia mahali kazi zilipo. Wachumi wa miji wamelieleza hilo kwa hesabu tangu William Alonso miaka ya 1960, na kila aliyewahi kutafuta chumba anajua bila hesabu. Nyongeza yote ya mshahara inaweza kuishia kwa mwenye nyumba. Zaidi ya hapo, kuhama kwa ajili ya kazi ambayo bado uko kwenye muda wa majaribio ni kuweka kitu kikubwa juu ya kitu ambacho hakijathibitika. Safiri kwanza. Ukishathibitishwa na ukaona kazi inakujenga, hapo kuhama kuna maana.

Nirudi kwenye lile sharti la pili, la mwisho unaojulikana. Safari ndefu ningeichukua kama mkopo: hakuna anayekopa bila kuuliza atamaliza kulipa lini. Weka tarehe, iandike, mwambie mwenzako au rafiki atakayekukumbusha. Miaka miwili inatosha kwa kazi nyingi kuonyesha kama inafundisha au inakutumia tu. Na pamoja na tarehe, andika kitu cha kupimia, kwa mfano, "kufikia hapo niwe nimeongoza mradi mmoja mwenyewe," au "niwe nimepata cheti fulani," au "niwe naweza kufanya kazi ya yule aliye juu yangu." Bila tarehe, miaka miwili huwa saba, kwa sababu hakuna siku moja iliyo mbaya kiasi cha kumfanya mtu aache. Kila siku inavumilika. Jumla yake ndiyo isiyovumilika, na jumla haionekani Jumatatu asubuhi.

Umri hubadilisha jibu. Mwenye miaka hamsini ambaye ujuzi wake umeshakamilika, na anayepewa cheo kikubwa kidogo huko mbali, ana muda mfupi wa kuvuna alichopanda, na mwili wake unadai usingizi zaidi. Kwake yeye ningeuliza kama cheo hicho kinampa kitu anachokitaka kweli, au kinamjibu tu mtu aliyewahi kumdharau. Mwenye mzazi mgonjwa, au mwenye mtoto mchanga, ana miaka ambayo ukaribu una thamani isiyoweza kulipwa baadaye. Kazi za mbali zitakuwepo tena, na kusubiri mwaka au miwili si kushindwa.

Kabla ya yote hayo, ijaribu njia. Usiijaribu Jumapili mchana kwa gari la rafiki, na usiiamini ramani ya kwenye simu inayokupa muda wa wastani. Chagua Jumatatu ya kawaida, ondoka nyumbani saa ileile utakayoondoka ukiajiriwa, kwa usafiri uleule, na jioni ungoje mpaka saa ya kutoka kazini ndipo ugeuze. Rudia siku nyingine ya wiki hiyo. Angalia unafika ukiwa na hali gani, na usiku huo ujaribu kufanya lile jambo unalosema utalifanya ukishaanza kazi, iwe ni kusoma, mazoezi au kukaa na watoto.

Na siku uliyoiandika ikifika ukakuta hujafundishwa, hujapandishwa na hakuna anayeweza kukueleza lini, anza kutuma maombi kwingine wiki hiyohiyo ukiwa bado na ajira, maana anayeomba kazi akiwa na kazi hujadiliana akiwa amesimama imara. Ukikuta umefundishwa, tuma pia, ila anza na waajiri walio karibu na nyumbani. Ule ujuzi ulioufuata mbali wanauhitaji wao pia, na sasa wanaweza kuulipia.